Vigingi Mia Sita vya Fisi

Mwaka ule mvua ilikata mguu. Masika yalipita makavu, vuli ikapita kavu, na katika nchi nzima ya Mfalme Simba hapakubaki kijani ila mahali pawili: Msitu Mkuu, kule milimani, na Mwangoni, kijisitu kilichobaki peke yake bondeni, kidogo kiasi kwamba kobe angeweza kukizunguka kabla jua halijawa kali. Zamani pande hizo mbili zilikuwa msitu mmoja. Moto ulipita katikati ukaacha mbuga tupu, na kilichoziunganisha kikawa ukanda mwembamba wa vichaka uliofuata mkondo wa maji. Humo ndimo wanyama wadogo walimopita kwenda kuoana, kuzikana na kutembeleana. Nje ya vichaka hakuna aliyethubutu kutia mguu, maana juu ya mbuga alizunguka Mwewe.

Huko Mwangoni aliishi Bi Sange. Sange, kwa asiyemjua, ni mnyama mdogo kama panya aliyeazimwa mkonga wa tembo: pua ndefu isiyotulia, miguu myembamba, na haraka isiyo na sababu. Bi Sange alikuwa mjane mwenye ulimi mkali kuliko meno yake. Alikuwa na mwana mmoja wa kiume, na binti mmoja, Mize, aliyekwisha kufikia umri wa kuolewa. Sange huoana mmoja kwa mmoja mpaka kufa, na kwao ni mwiko kuoa wa damu moja. Posa ya Mize ilikuwa imeletwa kutoka Msitu Mkuu mwaka wa mvua, ya kijana mmoja aitwaye Mbwana, ikapokewa kwa vigelegele. Ilibaki bwana harusi aje tu.

Hakuja, na aliyemzuia ni Fisi.

Fisi aliona jambo moja tu katika ukame ule, nalo ni tumbo lake. Akaenda kwa Simba, akalala kifudifudi mavumbini, akasema kwa sauti ya mfiwa:

"Mtukufu, wadogo wanakwisha. Leo panya, kesho kindi. Wageni watasema, mfalme gani huyu asiyeweza kulinda hata panya?"

Simba hakuwahi kumfikiria panya tangu azaliwe. Lakini lile neno "wageni watasema" lilimchoma.

"Kifanyike nini?"

"Awekwe Mlinzi wa Wadogo, Mtukufu. Awe mwenye huruma."

"Kama nani?"

Fisi akainamisha kichwa kwa haya. "Mtukufu, mimi siwezi kujitaja."

Basi akatajwa yeye. Simba akaamuru kila mwezi Mlinzi apewe fungu la nyama kutoka windo la kifalme, na kadiri wadogo watakavyoongezeka ndivyo fungu litakavyonenepa. Ukitaka kuipima akili ya Simba, ipime kwa amri hiyo: alimkabidhi fisi bucha, kisha akampa na mshahara. Na waliokuwapo barazani wote walitikisa vichwa kukubali, kwa sababu Simba alikuwa akiwatazama.

Kazi ya kwanza ya Mlinzi ilikuwa mkutano. Aliwakusanya wadogo wa Mwangoni, akapanda juu ya kichuguu, akafuta chozi ambalo hakuna aliyeliona.

"Ndugu zangu," alisema, "nimechunguza. Adui zenu wote wanapitia wapi? Wanapitia kwenye vile vichaka. Nyoka humo, paka-mwitu humo. Ndugu zangu, tukivikata vichaka, adui atapita wapi?"

Wadogo wakapiga makofi. Bi Sange naye alipiga, tusimfichie aibu yake. Alipiga mpaka viganja vikauma, kwa kuwa Fisi alisema "ndugu zangu" mara saba, na mnyonge hupenda sana kuitwa ndugu. Hakuna aliyeuliza wao wenyewe nao watapita wapi. Kesho yake Tembo aliletwa kwa amri ya Simba, akakanyaga ukanda wote kwa asubuhi moja, na mkondo ukabaki mchanga mtupu. Mjomba wake Mbwana, aliyekuja na ujumbe wa harusi bila kujua habari, alifika nusu ya njia. Mwewe alimbeba mbele ya macho ya Mize.

Baada ya hapo Mwangoni ikawa chungu kisicho na mlango. Fisi alikuwa akija kila siku baada ya jua kupanda, na fimbo yake ya ulinzi, akisema anakagua. Akiondoka, mmoja hayupo. Ukimuuliza, hujibu kwa upole kwamba fulani amehamishiwa upande wa pili akapumzike. Walipumzika dada yake Bi Sange, na shangazi yake, na wapwa wake wanne. Nguchiro, aliyekuwa na ujasiri wa bure, alikwenda mpaka mbele ya Simba akasema, "Mtukufu, umedanganywa." Simba akavimba. "Mimi? Mimi nadanganyika?" Akaamuru Nguchiro akabidhiwe kwa Mlinzi akafundishwe adabu, na tangu siku hiyo hakuonekana tena.

Wakabaki tisa. Bi Sange na wanawe wawili. Mzee Buku, panya mkubwa wa heshima, na wajukuu zake watatu. Na hao, kwa kuwa kwao hawakuwa na mwiko na hawakuwa na pa kwenda, walikuwa wameoana binamu kwa binamu mpaka mtoto wa mwisho akazaliwa jicho moja halifunguki. Kindi. Na Komba, mlevi, ambaye huenda alisalimika kwa sababu alinuka pombe hata Fisi akamsogeza pembeni.

Siku ya ukaguzi wa kifalme ilipofika, Fisi aliwapanga wote tisa nyuma ya kichuguu. "Mtapita mbele ya Mtukufu mmoja mmoja, mtaamkia, mtazunguka kichuguu, mtapita tena. Safari hii majivu mgongoni, safari ijayo udongo mwekundu. Atakayekosea, nitamhamishia upande wa pili."

Karani wa hesabu alikuwa Sungura. Alisimama kando ya Simba na masikio yake marefu, akihesabu kwa sauti ya kengele. Bi Sange aliamkia mara arobaini na nne siku ile. Mara ya kwanza alikuwa Bi Sange. Mara ya pili alikuwa dada yake, mara ya tatu shangazi yake, kisha wapwa zake mmoja mmoja. Aliwaigiza wafu wake wote mbele ya mfalme, kwa majina yao, na moyo wake ukamuuma kwa hasira na aibu kuliko siku walipochukuliwa. Komba alianguka mzunguko wa sita. Fisi akaeleza kwamba hiyo ni namna yao ya kusujudu. Simba, macho nusu yamefumbwa, alisema wadogo wote wanafanana na akauliza kama kuna wengi zaidi.

"Mia tatu tisini na sita," alisema Sungura, "na wanne wagonjwa nyumbani, ni mia nne kamili."

Fungu la Fisi mwezi ule lilikuwa paja zima la nyati.

Mize alikuwa msichana mtulivu, na ukimya wake ndio uliomtisha mama yake. Asubuhi moja alimkuta amesimama ukingoni mwa msitu, pua yake imeelekea milimani.

"Mama, nitavuka."

"Utavuka nini? Mwewe yuko pale, amekaa kama mwenye mbuga."

"Hapa yupo kaka yangu tu. Nikibaki, ukoo wetu unaishia kwangu. Nikivuka, labda nafika."

"Labda," alisema Bi Sange kwa hasira, na machozi yakamtoka papo hapo. "Mjomba wa Mbwana naye alikuwa na labda yake. Nipe mpaka mwezi uandame, mwanangu. Usipoona kitu, hapo sitakushika."

Akaenda moja kwa moja kwa Sungura, aliyekuwa amejilaza chini ya kichaka akitafuna bua.

"Shikamoo, mama," alisema Sungura.

"Marahaba, ingawa sijui ya nini. Wewe unajua kuhesabu?"

"Najua sana. Ndiyo maana nilifika mia nne kwa wanyama tisa."

"Huoni haya?"

"Mama, nilihesabu salamu. Hakuna aliyeniambia nihesabu vichwa."

Bi Sange aliyameza matusi yote yaliyomjia, na yalikuwa mengi. "Basi nihesabie hili. Toka hapa mpaka Msitu Mkuu, kwa kufuata mkondo, ni hatua ngapi za Simba?"

Sungura akafumba jicho moja. "Mia sita."

"Na Fisi ameandikisha mia nne?"

"Mia nne."

"Hawatoshi," alisema Bi Sange, akageuka kuondoka.

Sungura aliacha kutafuna. "Hawatoshi kwa nini? Mama! Hawatoshi kwa nini?" Lakini Bi Sange alikuwa amekwisha kupotea majanini, na Sungura, anayejua mambo yote ya watu, hakulala usingizi wa mchana siku hiyo.

Nchi ile ilikuwa na desturi moja ya zamani. Mawingu ya kwanza yakionekana baada ya ukame, kila aliyeponea humpelekea mfalme kigingi cha uzima: mti mmoja wa kuchomeka katika ua wa boma lake. Kichwa kimoja, kigingi kimoja. Kila mmoja hukata chake kwa meno yake, na alama ya meno huachwa juu, pasichongwe, iwe ndiyo ushahidi kwamba mwenyewe yu hai. Ambaye kigingi chake hakikuonekana huhesabiwa maiti. Na kupanda viwili ni mwiko mkubwa, kwa kuwa anayepanda viwili anamchimbia mwenzake kaburi. Wadogo walisamehewa desturi hiyo tangu zamani, si kwa huruma, bali kwa sababu vijiti vyao viliharibu sura ya ua.

Mawingu yalipochungulia milimani, baraza likakusanyika bomani. Pundamilia alileta kigingi chake, Twiga chake kirefu kama kawaida ya mambo yake. Simba aliketi juu ya mwamba akipokea. Fisi alikuwa karibu yake, amenona, akinong'ona habari za wadogo wanavyostawi.

Bi Sange akapenya kati ya miguu ya wakubwa, akasimama mbele ya mwamba. Ilibidi apige kelele ili asikike.

"Mtukufu! Sisi wadogo tumekuja kulalamika."

Fisi akakaza shingo. Simba akashusha macho kwa shida. "Mnalalamikia nini?"

"Tumenyimwa heshima, Mtukufu. Sisi ndio tuliolindwa kuliko wote, na sisi ndio tusiotoa kigingi. Wageni watasema wadogo wa Simba hawana shukrani."

Simba akakaa vizuri. "Kweli, watasema."

"Hatuombi kupanda hapa bomani, tutaharibu sura. Tupande kule mbugani, toka Mwangoni mpaka Msitu Mkuu, kigingi kimoja kila hatua moja ya miguu yako. Kiwe kigingi cha mnyaa, mti usiokufa hata kwenye mchanga, kama jina lako. Kila mpita njia aone ni wangapi Simba aliowaokoa."

Simba alijiona mwenyewe ndani ya macho ya wapita njia, akajipenda. "Uzio wa Simba," alisema polepole, akilionja jina. "Mko wangapi?"

"Mtukufu, sisi hatujui hesabu. Aseme Bwana Mlinzi."

Fisi akakohoa. "Mia nne, Mtukufu. Kama hesabu ilivyokuwa."

Bi Sange akainua pua yake, akacheka kicheko cha upole. "Bwana Mlinzi ana unyenyekevu mno. Mia nne ni wakati ule. Tangu hapo Mzee Buku peke yake amepata wajukuu wangapi? Au Bwana Mlinzi anaogopa fungu lake litakuwa kubwa asiweze kulibeba?"

Baraza likacheka. Fisi aliona paja la nyati, kisha akaona mapaja mawili. Tumbo lake likajibu kabla ya kichwa.

"Mia tano," alisema.

"Jamani, na wale pacha wa Kindi?"

"Mia sita! Mtukufu, nilitaka kukupa habari hii kwa mshangao. Wamefika mia sita!"

"Mia sita," alisema Simba. "Vizuri sana. Siku ya nane kuanzia leo nitakuja kutazama, pamoja na Chui na Mbogo, wageni wangu wa nchi jirani. Vikipungua, Mlinzi, utanieleza nani amekufa na nani alikuwa akimlinda."

Jioni haijafika, Fisi alikuwa Mwangoni, mate yanamtoka. Aliwakuta wadogo tisa wakishindilia udongo. Vijiti tisa vya mnyaa wa humo Mwangoni, kila kimoja chembamba kama unyoya, vilisimama kwenye mstari ukingoni mwa mbuga. Bi Sange aliwafundisha kuvikata kwa ncha ya meno na kufuta mdomo mavumbini mara moja, maana mnyaa una utomvu mweupe unaochoma kama pilipili.

"Haya, haraka!" alibweka Fisi. "Bado mia tano tisini na moja!"

"Hivyo ni vyako," alisema Bi Sange. "Sisi tumekwisha. Kichwa kimoja, kigingi kimoja."

"Mtapanda vyote, la sivyo..."

"Kupanda viwili ni mwiko, Bwana Mlinzi. Unataka tumchimbie nani kaburi?"

Fisi akamkanyaga mkia. Pumzi yake ilinuka jamaa wote wa Bi Sange. "Nitakula wewe kwanza. Kisha huyo binti yako."

Bi Sange alikuwa akitetemeka mpaka pua, na hakuna mwenye haki ya kumcheka. Lakini ulimi haukutetemeka.

"Kula basi. Wewe ndiye mwenye nguvu. Ukinila, hapa pana kigingi kilichokatwa kwa meno yangu ambacho mwenyewe hayupo, na Mtukufu akiniita siku ya nane, utaitika wewe kwa sauti yangu. Ukila wote tisa, utakuwa na mia sita wa kuwaitikia. Hata kabla hatujaliwa, kazi ni hiyo unayoiona. Jumlisha mwenyewe."

Fisi hakuwa hodari wa kujumlisha, ila hesabu hii aliielewa. Akauachia mkia.

Ungemwona siku saba zile! Angeweza kuwaita fisi wenzake, na ukoo wake si mdogo. Lakini wenzake wangedai kipande cha fungu, na yeye afadhali afe na kazi kuliko kugawana nyama. Akafanya peke yake. Alfajiri kwenye vichaka vya minyaa kule milimani, mchana mbugani na mzigo mgongoni, anachimba kwa kucha, anachomeka, anashindilia, hatua moja mbele, anachimba tena. Kwa kuwa alitaka kumaliza upesi, hakukata vijiti. Aling'oa matawi mazima kwa taya, manene kama mguu wake, na utomvu ukamrukia puani, ukamwingia machoni. Siku ya tatu jicho la kushoto lilivimba. Siku ya tano la kulia. Wadogo walikaa kivulini wakimtazama, na Komba, aliyekuwa hajawahi kuwa macho mchana tangu utoto wake, aliacha usingizi kwa ajili hiyo.

"Bwana Mlinzi," Mzee Buku alimwita kwa adabu, "hicho cha mia mbili na tatu kimepinda. Huyo marehemu hakuwa kilema."

Fisi alikirudia kigingi, akakinyoosha. Hakuwa na nafasi hata ya kutukana.

Siku ya nane Simba alikuja na wageni wake. Na tuseme kweli, uzio ulikuwa mzuri. Ulitoka Mwangoni ukafuata mkondo mpaka Msitu Mkuu, kigingi kila hatua, tena minyaa iliyokuwa na afya. Sungura aliupitia mwanzo mpaka mwisho, akarudi akihema.

"Mia sita, Mtukufu. Si pungufu, si zaidi."

Simba akageuza shingo yake ili wageni waione. "Mnaona? Kwangu hata panya wanastawi."

Fisi, macho mawili yamevimba kama maembe mabichi, alichechemea mbele. "Mtukufu, na lile fungu..."

"Mtukufu," alisema Bi Sange kutoka chini, "kabla ya fungu. Wadogo wako wameacha alama za meno yao, kila mmoja kwa mapenzi yake kwako. Mfalme hainami, najua. Lakini wangefurahi kama ungezisoma."

Simba kweli hakuwa na mazoea ya kuinama. Fisi alikuwa ameweka matumaini yake yote hapo. Lakini wageni walikuwa wakitazama, na mapenzi ya raia ni kitu cha kuonyesha wageni. Simba akainama. Vile tisa vya mwanzo alivisoma akitabasamu, akamwonyesha Chui vijishimo vidogo vya meno. Akafika cha kumi.

Alama ya jino ilikuwa shimo. Simba akatia ukucha wake ndani, ukazama wote.

"Huyu ni panya gani?"

Akasoma cha kumi na moja, cha kumi na mbili, mpaka cha hamsini. Kinywa kilikuwa kimoja, taya pana, na upande wa kushoto pana pengo la jino moja, kila kigingi mahali palepale. Mbogo, ambaye ni mgeni asiye na subira, akainama naye akatazama, kisha akatazama waliokuwapo mmoja mmoja. Fisi akafunga mdomo. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwona Fisi amefunga mdomo, na ndipo hata Simba alipoelewa.

"Waite," alisema Simba. "Waite hao mia sita."

"Mtukufu, wengine wako upande wa pili wanapumzika..."

"Waite!"

Fisi aliita. Wakatoka tisa, wakajipanga mbele ya vigingi vyao tisa. Upepo ukapita kwenye minyaa mingine yote, na hakuna aliyetoka.

"Hawa ndio mia sita wako?" Mbogo alimwuliza Simba, akaangua kicheko.

Simba alinguruma mpaka mawingu yakasogea. Usidhani aliwalilia waliokufa. Hakumjua hata mmoja kwa jina. Kilichomuuma ni kicheko cha Mbogo. Alimzaba Fisi kofi moja lililomgaragaza mpaka kigingi cha ishirini, akasema, "Mwizi! Tangu leo fungu huna. Utakula nikimaliza mimi, na walio nyuma yangu wakimaliza, kama kuna kitakachobaki." Sungura ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: "Mwizi! Nilijua siku nyingi!" Bi Sange alimtazama tu, na Sungura akakumbuka ana shughuli mahali pengine.

"Sasa," alisema Simba, akijifuta aibu, "tuweke Mlinzi mpya. Mwenye huruma."

Chui akakohoa kidogo na kuinamisha kichwa kwa haya.

"Mtukufu," alisema Bi Sange upesi, "tumekwisha kulindwa vya kutosha. Tuachie uzio tu."

Mvua ilinyesha juma hilohilo, kubwa, ya kulipia miaka miwili. Minyaa ikashika mizizi, kama ishikavyo hata ukiitupa. Majani yakaota chini yake, upupu na magugu yakajaza mapengo, mimea ya kutambaa ikapanda. Kabla mahindi ya watu hayajachanua, toka Mwangoni mpaka Msitu Mkuu pakawa na uchochoro wa kijani ambamo Mwewe, akitazama toka juu, haoni kitu. Simba bado huwaambia wageni kwamba aliupanga mwenyewe, na wadogo humwachia, maana haiwagharimu. Wako wasemao kwamba mgongo wa Fisi uliteremka nyuma kwa sababu ya kuinama siku saba. Mimi sikuwapo, ila mgongo wenyewe mnauona.

Siku ya harusi Mbwana alikuja na ukoo wake mzima, na panya buku wa Msitu Mkuu wakaja pamoja nao kuwatazama wajukuu wa Mzee Buku. Kando ya uzio alikuwa amelala Fisi, mbavu zimetoka, macho bado mazito kwa utomvu, akingojea mabaki ya watu. Alisikia vishindo vidogo vingi vikipita ndani ya majani, vikija bila kukoma, na harufu ya nyama changa karibu na pua yake. Akaingiza pua. Minyaa aliyoipanda kwa mikono yake ilikuwa imesongamana, ikamtia utomvu tena, akarudi nyuma akilia.

"Ni akina nani hao?" aliuliza. "Mbona hawaishi?"

Bi Sange alisimama ndani ya uzio, binti yake na Mbwana kando yake wamepambwa.

"Ni wale uliowahesabu kabla hawajafika, Bwana Mlinzi. Na hawa wawili wangu watazaa waliobaki. Lala tu, usijisumbue kuwaitikia. Sasa wanaitika wenyewe."

Kisha akawafuata wageni, na ngoma ya harusi ikasikika mpaka pale Fisi alipolala na njaa yake. Njia ya mwongo ni fupi.